Niambie Unachokiona

3 Juni

Shemeji mpendwa,

Salamu kwako na kwa Dada. Mimi mzima, ila kazini nimebanwa kila upande.

Ile kompyuta yako niliyoirithi pamoja na kiti imekufa wiki iliyopita. Ilitoa harufu ya waya ulioungua, ikazimika, basi. Nimepewa mpya. Nikaisakinisha ile karakana yetu, kama ulivyozoea kuiita programu tunayotengenezea programu nyingine, nikidhani mpaka chai nitakuwa nimemaliza. Nafungua dirisha la kuanzisha mradi mpya, orodha ya violezo ina viwili tu, vyote vya wanafunzi wanaojifunza. Kiolezo cha huduma za mtandao hakipo. Nafungua mradi wetu wa damu, nao unanikatalia: eti mradi wa aina hii haujulikani hapa.

Unajua maana yake. Jumatatu tarehe 16 benki ya damu inazima mfumo wake wa zamani na kuwasha mpya. Kama sitaitengeneza programu yetu upya na kuiunganisha na huduma yao mpya, zahanati zote zitarudi kuagiza damu kwa simu na vikaratasi. Na wewe ndiye uliyenisimulia habari za yule mama aliyesubiri damu mpaka akachoka kusubiri, kumbe ombi lake limesahaulika mfukoni mwa dereva.

Nimekuambatishia picha saba za skrini. Nichoree ile mishale yako myekundu. Kupiga simu sitaki, maana Meneja anakaa mgongoni kwangu na sipendi asikie namuuliza mtu aliyekwisha kuondoka. Tena ukinieleza kwa mdomo nasahau nusu. Andika, nisome huku nabofya.

Kazi mpya inakwendaje? Wamekupa kiti kinachozunguka?

Wako,
Chiriku


4 Juni

Chiriku

Salamu zimefika. Picha sitaki usinitumie tena. Niambie kwa maneno unachokiona toka juu ya skrini kushuka chini kama unamweleza mtu aliye chumba cha pili.

Kabla ya hapo nijibu. Kisakinishi kilikuuliza unataka vifaa gani. Ulitia alama wapi. Nakujua wewe. Ulibonyeza Endelea Endelea Endelea kama mtu anayefukuza nzi. Karakana siku hizi haiji na vitu vyake vyote. Inakuja kama cherehani ndani ya boksi, na mkanda usipouomba huupati. Violezo havijapotea. Havikuletwa.

Rudi kwenye kisakinishi. Chagua Badilisha usichague Ondoa. Tafuta fungu la huduma za mtandao utaona pembeni vifaa vya hiari. Kimojawapo ni cha huduma za mtindo wa zamani. Hicho ndicho mradi wetu unachokililia. Kitie alama usubiri.

Shemeji


5 Juni

Shemeji,

Haya bwana. Mtu aliyekuwa anachora mishale hata kwenye kalenda ya ukutani, leo picha zinamkera.

Ulilosema ni kweli, nilibonyeza kama nafukuza nzi. Nimerudi kwenye kisakinishi, nimetia alama ulipotaka, kikapakua vitu mpaka nikamaliza chai na maandazi ya mhasibu. Sasa nisikilize, uko chumba cha pili. Juu kuna kisanduku cha kutafutia. Chini yake upande wa kushoto kuna orodha ya miradi ya karibuni, haina kitu. Upande wa kulia kuna violezo. Vingapi? Viwili. Vilevile vya wanafunzi. Nimezima kompyuta, nimewasha. Viwili. Ila nikikirudia kisakinishi, kinaapa kwamba kila nilichotia alama kimeingia.

Jana mchana nilitoka kwenye ngazi nikakupigia. Akapokea Dada.

"Nipe Shemeji."

"Amelala."

"Mchana huu?"

"Amelala, nimekwambia."

Nyuma yake kulikuwa na kitoroli kinapita, magurudumu yanalia. Mmehamia sokoni? Kisha akakata. Dada siku hizi anaongea nami kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kama nimemkosea niambie wewe, maana yeye akinuna hata nyundo haimfungui.

Na hili usimwambie kabisa. Nimeamua kuacha kazi. Kila mteja anayekwenda kwake kupimwa nguo anaambiwa kwamba mdogo wake ndiye anayeendesha damu ya mkoa mzima. Mwenyewe hata mradi siwezi kuufungua. Kesho jioni nikiwa sijapata njia, namfuata Meneja namwambia atafute anayejua. Aibu ya siku moja si kitu. Mtu kufa kwa sababu yangu, hilo sitaliweza.

Chiriku


5 Juni, jioni

Chiriku

Umeeleza vizuri. Skrini yako nimeiona.

Vifaa vimeingia lakini karakana haina habari. Inasoma orodha iliyojiwekea siku ya kwanza. Hiyo ndiyo kashi. Mgeni ameshakaa sebuleni na bawabu bado anasema hajafika. Funga karakana kabisa. Ingia folda yako ya mtumiaji, kisha data za programu, kisha folda yenye jina la karakana. Humo kuna folda ya kashi. Ifute usiogope hufuti kazi ya mtu. Halafu fungua lile dirisha jeusi la amri uiamuru karakana isakinishe violezo upya. Itanyamaza. Iache inyamaze. Usibonyeze kitu.

Dada yako hakukukasirikia. Ana mambo.

Na kazi usiache. Ulipokataa shule ulikaa chini ya meza ya cherehani ukalia ukasema hutajua kusoma maisha yako yote. Ulipotoka huko ulikuwa umesoma lebo za nyuzi zote mpaka ya zambarau. Kaa chini ya meza kama unataka lakini usiache.

Shemeji


8 Juni

Shemeji,

Dada naye hana siri, hata habari za chini ya meza amekusimulia. Lakini zilinisaidia, nisiseme uongo.

Ijumaa asubuhi nilifuta ile folda, nikaamuru, karakana ikanyamaza. Nikaikalia mikono yangu miwili isije ikabonyeza kitu. Ilipofunguka, orodha ilikuwa imejaa mpaka inabidi kuiteremsha. Nilitoa ukelele, mhasibu akaja mbio kuuliza kama nimeumwa na nge. Kwa Meneja sikwenda.

Furaha hiyo sikukaa nayo. Mradi wa damu umefunguka, lakini wote mwekundu. Makosa mia mbili na ushee. Kila mahali programu yetu inapoiita huduma ya benki ya damu, hakuna anayeitika. Nimeangalia kwenye folda ya marejeo ya huduma, pale programu inapoandikiwa huduma iko wapi na inazungumza vipi. Ni tupu, ina pembetatu ya njano tu, kama nyumba iliyoachwa na taa ya mlangoni. Nimechukua nakala nyingine toka kwenye hifadhi yetu ya pamoja, nayo ni hivyo hivyo. Zimebaki siku chache, na hapo ndipo penye roho ya programu yenyewe.

Na sasa niseme lililo moyoni. Tangu lini wewe unaandika "kashi" badala ya "cache"? Ulikuwa unanisahihisha mimi, hadi koma. Barua zako karibu hazina koma, zina haraka, unajibu kama umesimama mlangoni na bosi wako mpya anakuita. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa. Lakini mimi wewe ndiye uliyenifundisha, na ndiye uliyeniachia hiki kiti. Kama hutaki hata kunitupia jicho, sema tu nijue.

Chiriku


9 Juni

Mdogo wangu,

Leo naandika kwa kichwa changu. Zile nyingine pia niliziandika mimi, kwa vidole viwili, ila maneno yalikuwa yake. Ndiyo sababu ya "kashi". Koma hakuzitamka, nami nimejiwekea pale tu nilipoishiwa pumzi.

Shemejio hana kazi mpya. Tulihama ili tuwe karibu na hospitali ya macho. Jicho la kushoto lilikufa mwaka jana, akawa anaficha hapo kazini kwa kugeuza kiti. Mwezi wa nne la kulia nalo likaanza kuona vumbi na vimulimuli. Mwisho wa Mei akaniambia pazia linashuka toka pembeni. Daktari akasema ngozi ya nyuma ya jicho imebanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu. Wamempasua. Wamemtia kipovu cha hewa humo ndani kiisukume ngozi irudi mahali pake, na ili kipovu kikae sawa lazima alale kifudifudi, uso umetumbukia kwenye tundu la mto. Anakula hivyo, anaongea hivyo. Mimi nakaa sakafuni kando ya kitanda, kompyuta mapajani, namsomea ulichoandika, naye ananijibu kwa sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Ulichokisikia kwenye simu si soko. Ni kitoroli cha dawa.

Jana nilipofika pale pa kutupiwa jicho, nilifunika kompyuta. Nikamwambia barua imeisha.

"Soma," akasema. "Chiriku haishii hapo."

Nikamsomea. Halafu nikaona mabega yanatikisika, nikajua sasa nimemliza mgonjwa. Kumbe anacheka. "Mwambie jicho ningemtupia," akasema, "ila limebaki hili moja."

Mimi sikucheka, nilikukasirikia mpaka asubuhi. Kisha nikaona nakuonea, mtu atajuaje alilofichwa? Yeye ndiye aliyeniapisha nisiseme, nami nimekuwa kama kifuniko cha sufuria inayochemka, nakushikilia wewe huku, na huku namshikilia yeye.

Na hili ujue. Kile kipande chako cha kuacha kazi sikumsomea. Ulisema Dada asiambiwe, na Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kukisoma. Nikakijibu mwenyewe. Yeye hajui mpaka leo, na usimwambie. Mambo ya chungu na nyundo nilimsomea yote, kwa sauti.

Haya, maneno yake ni haya. Anasema yaliyomo ndani ya ile folda hayakupotea, hayakuwahi kuwekwa kwenye hifadhi ya pamoja. Yanatengenezwa na karakana yenyewe, na kinachoweza kuzaliwa upya yeye alikuwa hakihifadhi. Omba benki ya damu wakupe anwani ya huduma yao mpya. Bofya kulia kwenye folda, uchague kuongeza rejeo la huduma. Bandika anwani. Jina la rejeo liwe lile lile la zamani, DamuKuu, usibuni lako. Mwisho wa maneno yake.

Dada yako


10 Juni

Dada, Shemeji,

Nawaandikia pamoja, maana najua sasa mko wawili.

Barua niliisomea kwenye ngazi za ofisi. Nikakaa hapo hapo mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu. Dada, mimi ni nani yako hata nisiambiwe? Ningekuja. Ningekaa mimi hapo sakafuni ukalala. Shemeji, zile picha saba. Ulikuwa umelala umeinamia sakafu na mimi nadai mishale. Naomba radhi, na msinijibu kwamba si kitu, maana ni kitu.

Jumamosi napanda basi, nakuja.

Kazi iko hivi. Benki ya damu wamenipa anwani. Nimeibandika, karakana ikaenda, ikarudi na orodha ya yote ambayo huduma inajua kuyafanya: kuagiza, kuuliza akiba, kufuta ombi. Nimelipatia rejeo jina, nimekubali. Pembetatu ya njano imetoweka. Lakini wekundu bado upo. Sasa Shemeji nakueleza toka juu kushuka chini kama ulivyotaka, na safari hii najua kwa nini. Juu kabisa mstari wa kwanza unasema tumia rejeo, kisha jina, D kubwa, a, m, u, K kubwa, u, u. Mstari una alama nyekundu chini yake. Kulia kwenye folda kuna rejeo nililoliongeza leo, nalo linaitwa D kubwa, a, m, u, k

k ndogo.

Ngojeni.

Nimerudi. Nimelifuta, nimeliongeza tena kwa K kubwa. Makosa yaliyobaki ni manne, nayo ni ya kawaida, nayaona yanakotoka. Kama nisingekuwa nakusomea herufi moja moja nisingeliona mpaka kiama.

Chiriku


11 Juni

Chiriku

Usije Jumamosi. Jumatatu ikipita njoo hata na godoro. Kabla ya hapo zahanati zinakuhitaji kuliko mimi. Mimi ninaye mtu, na mtu mwenyewe kama nyundo haimfungui basi hata ugonjwa haumwezi. (Amesema hivyo kweli. Mimi naandika tu. D.)

Unauliza kwa nini sikusema. Ningesema usingeniuliza kitu. Ungesema maskini Shemeji ana yake, ukahangaika peke yako, na barua zako zingekuwa za pole tupu. Pole ninazo nyingi hapa, kila anayeingia ananiachia moja. Hakuna aliyenipa kazi isipokuwa wewe.

Mchana kutwa nimeelekezwa sakafuni na sakafu yenyewe siioni. Lakini ukisema juu kuna kisanduku, kushoto orodha tupu, kulia violezo viwili, naijenga kichwani na kuitembelea. Siku violezo vilipojaa nilivisoma vyote. Mke wangu akaniuliza nanong'ona nini, nikamwambia nahesabu mali.

Mimi niliogopa, Chiriku. Si kuogopa giza. Niliogopa kwamba nilichokijua kimekwisha pamoja na jicho. Sasa naona kipo.

Yale makosa manne usiniandikie. Yamalize.

Shemeji


16 Juni

Wapendwa wangu,

Dada, msomee polepole, asikose kitu.

Programu niliitengeneza Alhamisi, nikaijaribu Ijumaa na wenzetu wa benki ya damu, wao kule wakiniambia, "Tuma tena," nami natuma. Wikiendi nilizisakinishia zahanati. Leo asubuhi wakauzima mfumo wa zamani. Meneja alivuta kiti chake akaja kukaa nami. Alivua viatu.

Kwa muda mrefu hakukuja ombi lolote.

"Inafanya kazi?" akauliza.

"Inasubiri."

"Utajuaje kama inasubiri au imekufa?"

Nikaanza kujisemea chini chini, toka juu kushuka chini: mstari wa kijani upo, neno "imeunganishwa" lipo, sifuri ipo. Ndipo sifuri ikawa moja. Zahanati ya mwisho kabisa, ile ya ng'ambo ya daraja. Chupa mbili, kundi O hasi, mama aliyejifungua anatoka damu. Nikashika ukingo wa meza. Likaja jibu la benki: ombi limepokelewa. Likaja la pili: chupa zimetoka ghalani. La tatu: dereva yuko njiani.

Meneja akasema, "Tuwapigie," nikamzuia, tusimsumbue muuguzi mikono ikiwa na kazi. Tukakaa. Chai ikapoa. Baadaye muuguzi alipiga mwenyewe, akitaka kujua kama bado anatakiwa kujaza na karatasi.

"Karatasi acha," nikamwambia. "Damu imefika?"

"Imefika zamani. Imeshaingia mwilini."

"Na mama?"

"Anadai chakula. Anasema zahanati yetu ina njaa."

Meneja alicheka mpaka akafuta macho kwa tai. Mpaka jioni maombi yamepita kumi na tisa, hakuna lililokwama. Nimekaa naangalia yakipita kama mtu anayeangalia mvua akiwa ndani ya nyumba yake.

Shemeji, kuna jambo Dada hakukusomea, nami sasa nalisema mwenyewe, Dada anisamehe. Wiki ile ya kwanza nilitaka kuacha kazi. Sitaki tena.

Ijumaa nakuja, na godoro.

Chiriku


12 Julai

Mdogo wangu,

Tangu uondoke chumba kimekuwa kimya mno. Shemejio anasema hata wagonjwa wa wodi ile wanakuuliza.

Ile hewa ndani ya jicho iliendelea kupungua. Alikuwa akinieleza inavyoshuka: juu anaona mwanga na vivuli, chini panachezacheza kama maji ndani ya chupa. Juzi kikabaki kitone tu. Leo asubuhi kikawa hakipo, tukaenda kwa daktari. Nilikaa kwenye benchi ya nje, lakini mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia anasoma herufi za ukutani. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne akababaisha, na daktari akamwambia, "Huo hata mimi nababaisha." Ngozi imeshika. Haitakuwa kama zamani kabisa, ila kusoma atasoma, kwa miwani na herufi kubwa, na kazi ataifanya kwa kupumzika pumzika. Meneja wako alikwisha kumwandikia kwamba akitaka kukusaidia akiwa huku huku, kiti kipo. Barua hiyo atajisomea mwenyewe, mimi nimestaafu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alitaka kusoma kila kibao, hata cha fundi wa majiko. Tulipofika akakaa kando ya kitanda, mimi nikaingia kwenye shughuli zangu, naongea huku nimempa mgongo. Nikaona hanijibu. Nikageuka, nikamkuta ananitazama. Hafuati sauti kama alivyozoea wiki zote hizi. Ananitazama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Umekonda."

Nikamwambia aache uchokozi wake. Nikatoka nje kwenye kamba ya nguo, nikasimama katikati ya mashuka, nikalia mpaka nikashiba. Kisha nikanawa uso nikarudi ndani kupakua chakula, maana alikuwa ameshakaa mezani, ameinua sahani juu ya kichwa kuelekea dirishani, anataka kujua tangu lini sahani zetu zina maua.

Dada yako